Nilimgeuza kaka yangu ICU, oksijeni ikashuka: niliyojifunza kuhusu ARDS

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenipata mwenyewe, na kosa ni langu, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Karatu. Kaka yangu Paskali ni fundi ujenzi. Alilazwa kwa homa na kikohozi, wakasema ni nimonia, wakamwanzishia sindano.

Nikaenda zangu crater na wageni.

Siku ya nne shemeji, mke wake, akanipigia: "Baba Neema anahema kama ametoka kukimbia. Njoo."

Nafika, yuko ICU. Mask ya oksijeni usoni, kalazwa kifudifudi.

Kifudifudi, wakuu. Nikajua wamemsahau.

Nesi alikuwa kitanda cha pili. Nikamshika kaka mabega, nikamgeuza chali taratibu, nikamwekea na mto. Nikaridhika na kazi yangu.

Namba ya oksijeni kwenye mashine ilikuwa 91. Ikawa 84. Ikawa 77. Mashine ikaanza kulia.

Nesi akaja mbio. "Nani kamgeuza?"

"Mimi."

"Wewe ni daktari?"

"Dereva."

"Basi shika miguu."

Tukamrudisha. Namba ilipanda polepole mno.

Baadaye daktari akanionyesha X-ray. Mapafu yote mawili meupe kama ukungu.

"Moyo tumeupima, uko sawa," akasema. "Maji haya hayatoki kwenye moyo. Nimonia imeumiza mapafu, yanavuja kwa ndani, oksijeni haipiti hata tukimpa nyingi. Na yote yametokea ndani ya wiki moja. Vikikutana hivyo, tunaita ARDS."

"Dawa yake?"

"Nimonia tunaitibu. Mapafu yenyewe tunayapa muda. Akilala kifudifudi, sehemu ya mgongoni inafunguka, anapata hewa zaidi."



Kaka alitoka ICU baada ya siku kumi na moja. Sasa akipanda ngazi tano anasimama, anavuta pumzi, anapanda nyingine. Hatumharakishi.

Funzo: mgonjwa wa nimonia akianza kuhema haraka, mrudisheni hospitali, au kama kalazwa mwambieni nesi mapema, hata kama yuko kwenye dawa. Na ukikuta kitu usichokielewa wodini, uliza kwanza.

Aliyewahi kuuguza mtu wa ARDS atuambie, nguvu zilirudi baada ya muda gani? Wa kunitukana pia karibuni, shemeji alishaanza.