Nilimwambia Draiva Inamfaa

Watu wa kwetu wakisikia radi imeua mtu, swali la kwanza ni nani aliyeituma. Mimi nilikuwa hapo ilipopiga. Sikio langu la kushoto halisikii tangu siku hiyo, na mkono wa upande huo hauwezi kufunga kifungo cha shati. Kwa hivyo nikitaja wenye makosa, nina haki ya kuwataja. Ni watatu: mkandarasi mwenye draiva, msimamizi wa makedi, na mimi. Yule mama mzee waliyetaka kumchoma hayumo.

Nilisoma mpaka darasa la tano. Mengine yote nilisomea uwanjani. Uwanja wetu wa gofu ulikuwa mdogo, mashimo tisa tu, mlimani juu ya Nyakoe, na majani chai pande zote. Leo ni shamba la nyasi za napia za ng'ombe. Nilikuwa kedi hapo, mbeba mifuko ya fimbo za wakubwa, zaidi ya miaka ishirini. Kedi akikaa hivyo, hata kama gazeti linamshinda, anajua kumsoma mtu anayepiga mpira. Anamjua kuliko mke wake anavyomjua.

Draiva ni ile fimbo ndefu kuliko zote, yenye kichwa kinene kama ngumi, ya kupiga mpira wa kwanza uende mbali. Mpira ukipigwa huondoka ukijizungusha kinyumenyume, na huo mzunguko ndio unaoushika hewani. Mzunguko ukizidi, mpira unapanda kama moshi wa jikoni halafu unaanguka papo hapo. Ukipungua, mpira unakwenda chini chini, na ukitua unakimbia. Sasa kuna draiva zilizotengenezwa makusudi kupunguza mzunguko, uzito wake umewekwa mbele, karibu na uso unaogonga. Hizo ni dawa kwa mtu wa nguvu na kasi, hasa yule anayeushukia mpira kama anayepasua kuni. Mimi ni mmoja wao. Mkono wangu ulizoea kufyeka nyasi kwa slasha kabla haujashika fimbo ya gofu, na mpira wangu siku zote ulipanda kwenda kumtafuta Mungu.

Lakini mtu mzito, asiye na kasi, ukimpa draiva hiyo umempa ugonjwa. Mpira wake tangu hapo haukuwa na mzunguko wa kutosha. Ukimpunguzia huo kidogo alio nao, unaanguka kama ndege aliyepigwa jiwe. Tena draiva hizo ni kali, ukikosea kati kwa upana wa kidole mpira unakwenda kwa jirani. Mtu wa namna hiyo anataka uso uliolala zaidi, digrii kumi na mbili hivi, uzito uwe nyuma, na mpini unaopinda kidogo.

Halafu kuna udongo wetu. Wanaozisifu draiva hizo wanasema mpira ukitua unakimbia. Unakimbia wapi? Huku mvua inanyesha karibu kila alasiri. Mpira ukitua unazama kama mbegu.

Hayo yote niliyajua, na ndiyo sababu nimejitaja.

Mkandarasi alikuwa bosi wangu, maana yake mfuko wake niliubeba mimi, si kedi mwingine. Alikuwa mtu wa kujenga barabara, mwenye tumbo na goti bovu, na alipiga mpira polepole kama mtu anayegeuza chapati akiogopa kuungua. Siku moja alikuja na draiva mpya nyeusi aliyoinunua Nairobi. Alikuwa ameiona kwenye simu, ikipigwa na kijana fulani wa ng'ambo mwenye kiuno kama nyigu. Nikaipaka chaki kwenye uso kama tunavyofanya, ili mpira uache alama mahali unapogongwa. Akapiga mipira sita. Alama zilikuwa kila mahali isipokuwa katikati. Mpira uliokwenda mbali zaidi haukufika pale draiva yake ya zamani ilipozoea kufika.

Akaniuliza, "Unaonaje?"

Hapo lazima nieleze desturi yetu makedi. Bosi akinunua fimbo mpya na kuipenda, ya zamani ni ya kedi wake. Haiandikwi popote, lakini hakuna bosi anayeivunja, angeonekana mchoyo. Jumatatu ilikuwa siku yetu makedi kucheza, na mimi draiva yangu ilikuwa na kichwa kilichopasuka, nimekibandika kwa gundi ya viatu. Ile yake ya zamani niliitamani miaka mitatu. Kwa hivyo katika uwanja wetu hakuna kedi aliyewahi kumwambia bosi kwamba fimbo mpya ni mbaya. Wakubwa walidhani wanapewa ushauri.

"Bosi, hii inakufaa," nikasema. "Ni kama umezaliwa nayo."

Rafiki yangu alikuwa karibu, akiokota mipira. Tulikuwa tumeingia uwanjani mwaka mmoja, tukaoa mwaka mmoja, na yeye alikuwa na watoto wanne. Mbele ya bosi aliendelea kuokota. Tulipokuwa peke yetu akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe umemfunga mbuzi nira ya ng'ombe," akasema. "Na mbuzi amekushukuru."

Nilicheka pia. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Wiki mbili mkandarasi alihangaika na ile nira. Hakuirudisha Nairobi, kwa sababu mimi, mtu anayejua, nilisema inamfaa. Akajilaumu mwenyewe: goti, viatu, chakula cha mchana. Na kwa kuwa bado hakuwa ameipenda, ile ya zamani alikuwa hajanipa. Kwa hivyo kila siku nilimwambia bado kidogo, bosi, mkono unaizoea.

Alhamisi moja alikuja saa nane na nusu kufanya mazoezi. Rafiki yangu alitumwa mbele, karibu na mkaratusi ulio peke yake kule chini, kuangalia mipira inapozama. Mimi nilibaki na mfuko. Saa tisa wingu lilikuwa limeshajaa upande wa Nyamira, jeusi kama sufuria. Ngurumo ikaanza mbali, kisha si mbali sana.

Pale ofisini palining'inizwa kipande cha reli. Sheria ilikuwa msimamizi wa makedi akiona hali imeharibika anaigonga, na ikigongwa kila mtu anaondoka, awe waziri au awe nani. Nilimwona msimamizi amesimama mlangoni na nyundo mkononi. Alikuwa akimtazama mkandarasi. Mkandarasi ndiye aliyekuwa amemwahidi kumweka mwanawe kazini, kwenye matingatinga. Akasimama vile, nyundo mkononi, kama mtu anayengoja kuruhusiwa kukohoa.

Nikamwambia bosi tuondoke. Akasema tatu za mwisho. Akapiga tatu, zote zikaanguka kwa aibu. Akasema hawezi kwenda nyumbani na aibu hiyo, apige moja tu ipae vizuri. Draiva ya kumfaa ingempa hiyo moja saa nane na nusu, tungekuwa tumeshafunga mfuko na kunywa chai. Hii haikuwa na hiyo moja ndani yake. Angepiga mpaka Yesu arudi.

Matone yakaanza. Nilimwona rafiki yangu akirudi nyuma kujikinga chini ya mkaratusi. Akanipungia mkono, maana yake tumalize. Hakuweza kuondoka kabla bosi hajaondoka. Nami nikampungia.

Sikusikia radi. Niliona weupe tu, halafu nilikuwa nimelala na uso kwenye nyasi, mfuko wa vyuma juu yangu. Nilipoinua kichwa mkandarasi alikuwa anakimbia kwenda kwenye gari, goti bovu na yote. Reli ikaanza kugongwa wakati huo. Niliisikia kwa sikio moja.

Rafiki yangu alikuwa ameketi, mgongo kwenye mti, kama anayepumzika. Kiatu kimoja kilikuwa mbali.

Sasa huyo mama mzee. Alikuwa mke wa pili wa baba wa rafiki yangu, mjane, anayeishi peke yake karibu na mto. Wiki moja kabla, rafiki yangu alikuwa amesogeza ua ukaingia kwenye migomba ya mama huyo, naye akasema mbele ya watu, "Sawa. Utaona." Maneno mawili. Kwetu maneno mawili yanatosha. Kabla mwili haujafika mochari Kisii, kijiji kizima kilishaamua kwamba yeye ni omorogi, mchawi, na kwamba radi ilitoka jikoni kwake. Kuna wazee wengine waliomalizwa kwa moto huku kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Vijana walisema watangoja mazishi yaishe, kwa heshima ya marehemu, halafu watashuka mtoni. Hawakusema kwa kunong'ona. Mzee wa kanisa alimtorosha mama akamficha nyumbani kwake, lakini nyumba ya mzee wa kanisa ilijulikana, na mlango wake ni wa mbao.

Siku moja kabla ya mazishi msimamizi alikuja kwangu. Alikuwa amebeba ile draiva ya zamani, imefungwa kwenye gazeti. Akasema bosi amenikumbuka. Akasema pia kwamba mtu akipigwa na radi kichwa huvurugika, kwa hivyo hakuna atakayenilaumu nisipokumbuka mambo ya reli. Mkono wangu haukuweza kuishika. Akaiegemeza ukutani, akaenda.

Mazishini mkandarasi alipewa nafasi ya kusema. Alikuwa amenunua jeneza na ng'ombe. Alisema marehemu alikuwa kijana mwaminifu, kisha akatikisa kichwa na kusema, "Wazee, mimi si mtoto. Kifo kama hiki kina mkono wa mtu." Vijana wakaitika kwa sauti ya chini, kama ng'ombe waliosikia chumvi. Nikamtazama. Mtu amejiosha mikono kwa damu ya mwanamke mzee, na watu wanampigia makofi.

Kisha wakaniita mimi, niliyepona. Nilijua wakitoka hapo wanaenda kwenye ule mlango wa mbao.

Nilisema radi ilitoka mawinguni, na kilichomweka rafiki yangu chini ya mti ni draiva. Mtu akacheka nyuma. Kijana mmoja akasema, "Mzee, unatuambia kijiti kimeua mtu?"

"Nawaambia mtu alipewa kijiti kisicho chake," nikasema, "na hakutaka kwenda nyumbani mpaka kimtii."

Sikujua njia nyingine ya kuwaonyesha. Nilichukua mpini wa koleo lililochimba kaburi, nikapiga hewa kwa mkono mmoja kama mimi ninavyopiga, kisha kama bosi anavyopiga, tumbo na yote. Baadhi walicheka, kwa maana walimtambua. Nikaeleza mpira unavyopanda na unavyoanguka. Nikaeleza reli haikugongwa mpaka alipoingia garini. Msimamizi akatazama viatu. Nikasema niliulizwa kama draiva inamfaa, nikasema ndiyo, nikijua haimfai, kwa sababu nilitaka ile ya zamani, na sasa iko kwangu ukutani, aliyeileta yuko hapa. Mjane wa rafiki yangu alikuwa ameketi mbele yangu kwenye mkeka. Alinitazama moja kwa moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Tangu siku hiyo hajanisalimu.

Siku hiyo hawakushuka mtoni. Sijui kama waliniamini. Nadhani nilichosha hasira yao tu, kama mvua inavyochosha moto wa kuni mbichi. Mkandarasi aliondoka kabla ya chakula. Mimi sikuitwa kazini tena, na baadaye uwanja wenyewe ukafungwa. Lakini usiku wa wiki ya tatu jiko la mama yule liliteketea, na asubuhi akafungasha akarudi kwa ndugu zake, ng'ambo ya Nyamira mjini. Migomba yake imevunwa na walewale waliopiga kelele zaidi. Wao hawako kwenye hesabu yangu ya watatu, lakini nawajua.

Nilikaa karibu mwaka kabla ya kwenda kumwona. Niliibeba ile draiva, bado kwenye gazeti. Sijui nilitaka nini. Nilimkuta kwenye kibaraza cha kaka yake anapukuchua maharagwe. Amekwisha, amekuwa mifupa. Nilimsalimu kwa lugha yetu, "Magokoro," yaani bibi. Akaniambia nikae.

Akaifungua mwenyewe. Akaipima mkononi kama mtu anayepima jembe sokoni, akagonga kichwa chake kwa kucha.

"Ndiyo hii?"

"Hapana. Ile anayo mkandarasi. Hii ndiyo niliyoitaka."

"Nyepesi hivi. Hata nyoka haiui." Akaiweka sakafuni. "Na uliulizwa, ukajua, ukasema inamfaa."

"Nilisema, mama."

Akarudi kwenye maharagwe. Kwetu mgeni hawezi kukaa bila kuletewa hata uji. Nilikaa mpaka ungo ukajaa, na hakuna aliyeitwa kuleta kitu. Kisha akainua kichwa akatazama juu ya migomba, upande wa Kisii, kulikokuwa kunaanza kuwa kweusi.

"Nenda sasa," akasema. "Usipite chini ya miti."