Fundi anayeombea kioo kikosee

Saa tano na robo asubuhi, jua la Oktoba limeshafuta kivuli chote uani, na Rachida Djafari anafanya jambo ambalo fundi mwenye akili timamu hafanyi: anaombea gari la mteja liharibike.

Gari liko katikati ya uwanja wake mdogo mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi. Madirisha yamefungwa, injini inaunguruma. Kioo cha kugusa cha dashibodi, kinachoendesha redio na simu, kimetulia kama mtoto mbele ya mgeni. Rachida analizunguka gari, anasimama, anazunguka tena.

"Jana ilifanya mara ine," anasema. "Leo, juu bantu banaiangalia, inajifanya mutakatifu."

Mwenye gari, Donat Kunda, ameegemea ukuta akitafuna kucha. Wiki tatu zilizopita walikuwa makaburini wakimzika mama mkwe wake. Padri yuko katikati ya sala, Donat akarudi garini kuchukua mashada ya maua. Injini alikuwa ameiacha ikiwaka kwa sababu betri ni dhaifu. Mara redio ikapanda yenyewe hadi mwisho, muziki wa dansi ukawamwagikia waombolezaji. Ndani ya gari alikuwa yeye peke yake. Sasa nani ataamini kwamba kioo kilijigusa chenyewe?

Shemeji yake, Jeannot, hakuamini hata kidogo. Germaine, mke wa Donat, alitoka makaburini akaenda moja kwa moja kwa kaka yake huyo, na mpaka leo hajarudi nyumbani.

"Nilimuambia Maman Rachida: usitengeneze kwanza," anasema Donat. "Beau-frère aone na macho yake. Ukitengeneza mbele hajaona, nitabakia muntu wa bongo, muongo, mpaka kufa."

Na beau-frère, yaani shemeji, amekuja. Ndiye aliyekaa kwenye kiti cha dereva tangu saa tano kasorobo, mikono ameikunja kifuani kama alivyoagizwa, jasho likimtiririka. Alikubali saa moja tu.

Rachida, mwenye miaka arobaini na mmoja, alirithi ufundi kwa baba yake, fundi redio aliyetoka Kasongo, Maniema. Siku hizi redio za mezani hazimlishi mtu. Anapata vioo vitatu au vinne kwa wiki, vingi vya magari yaliyotumika Japani, na ufundi ni dola kumi na tano mpaka ishirini. Wiki nyingine hola.

Ugonjwa wa kioo hiki anaujua. Vumbi jekundu limejaa ukingoni, na fundi wa kwanza alikaza skrubu kupita kiasi. Joto likipanda, fremu inakibana kioo, nacho kinadhani kimeguswa na kidole. Kivulini kinapoa na ugonjwa unajificha. Mafundi wengine hung'oa chote wakauza kipya.

"Ile haiko bufundi," anasema. "Ni kuuzisha."

Kukaa na mama huyu ni kazi, tusidanganyane. Chai anainywa huku akitembea, na mwandishi ameshaambiwa mara mbili asogee.

"Mama, niko na kazi," Jeannot anasema akifungua mlango kidogo. "Tunapoteza saa bure."

"Dakika kumi, papa. Funga mulango." Rachida anatazama juu, kisha anatazama gari. "Ebu geuza pua, iangalie jua."

Jeannot anageuza gari, anasonya, anakunja mikono tena.

Dakika sita zinapita. Ghafla namba za sauti zinaanza kupanda: kumi, kumi na tano, ishirini. Orodha ya simu inafunguka. Simu ya Donat, iliyo mfukoni mwake, imeunganishwa na gari, na jina la kwanza kwenye orodha ni lile analolipigia kila siku. Linabonyezeka lenyewe. Jeannot ameinua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa.

"Donat, nilikuambia usinipigie tena." Ni Germaine, na sauti yake inasikika mpaka uani.

"Haiko Donat," Jeannot anasema polepole. "Ni miye, Jeannot. Niko mu motokari yake. Sikugusa kintu, Germaine. Inajipigia yenyewe."

Rachida anaacha kuzunguka.

"Na Donat iko wapi?"

"Iko hapa inje."

Jeannot anashuka na kuushikilia mlango. Donat anaingia, anakaa, hajui mikono aiweke wapi. Shemeji yake anamfungia mlango taratibu.

Kazi iliyobaki ni ya dakika arobaini: kung'oa fremu, kufuta vumbi, kulegeza skrubu. Bisibisi iko mkononi mwa Rachida, lakini hasogei. Anaulizwa ataanza lini.

"Kuitoa, ni lazima nikate batteri," anasema, macho kwenye gari. "Na ile batteri siikate mpaka bale bantu babili bamalize kusema."