Sarafu Iliyosafishwa Mno

Tangu Mwajuma alipotamka neno lile dukani, mbele ya watu sita, Yudith binti Nikodemo, muuzaji wa duka hilo, hakuweza kuketi.

"Mwaka wa kwanza kipimo chako cha mbegu kilijaza matuta yangu kumi, dada. Mwaka huu la kumi limebaki tupu. Nani amelila?"

"Kupe," akadakia Hamisi, seremala.

"Kupe gani mwembamba hivi?" mtu akauliza, wakacheka.

Yudith hakucheka. Mwaka huo wa 1973, duka la kijiji cha ujamaa, juu kidogo ya Mlola, lilikuwa mali ya wote, na aliyeliibia alikuwa amemwibia kila mtu. Kamati ingeketi Alhamisi. Akipatikana na hatia angenyang'anywa ufunguo, na jina lake lingesomwa kwa kila balozi wa nyumba kumi. Hakuna aliyeuliza kwa nini barua zake tatu za kuomba mawe madogo ya mizani hazikujibiwa. Kwa kukosa mawe hayo, alipima mbegu ya kabichi kwa sarafu moja ya senti kumi ya wakati wa Mwingereza, yenye tundu katikati na mwaka 1952, ambayo haikuwa fedha tena. Mwanamke alipewa mizani bila mawe, kisha akaitwa mwizi.

Siku tatu alizunguka: akafagia palipofagiliwa, akaenda mtoni bila ndoo. Alhamisi asubuhi akafanya alichokifanya kila Jumamosi kwa miaka minne. Aliiloweka sarafu katika maji ya limau, akaisugua kwa majivu na mchanga laini hata ikang'aa. Mama yake, Mlutheri wa Mlalo, alimlea aamini kuwa uchafu ni ndugu wa uongo.

Kikaoni, mlemle dukani, mwenyekiti, Mzee Kornelio, aliipokea sarafu ile, akaigeuzageuza. Herufi zake zilikuwa zimefifia.

"Shikamoo, mzee," alisema Yudith. "Ni ileile. Sijaibadilisha."

"Marahaba. Tutaona."

Bibi Klara, mmoja wa wanakamati, akafungua pindo la kanga, akatoa senti kumi yake ya mwaka uleule, nyeusi kama sufuria. Aliihifadhi tangu harusi ya mwanawe. Zikawekwa mizanini, kila moja na sahani yake. Sahani ya Klara ikashuka.

Mwajuma akaguna.

"Ni masizi hayo," alisema Yudith. "Ioshwe."

Wakaiosha kwa sabuni na maji ya moto, wakaikausha. Ikashuka tena.

Hamisi aliinua sarafu ya Yudith usawa wa jicho. "Hii imelambwa. Patasi yangu nikiinoa kila siku, mwisho nabaki na mpini. Unaisafisha kwa kitu gani, dada?"

Hapo Yudith akaliona akilini bakuli la limau kama alivyoliacha jikoni kwake, maji yake yamegeuka kijanikijani. Kila Jumamosi alikuwa ameyamwaga mgombani, na ndani yake, chembe kwa chembe, shaba ya kipimo cha watu. Limau lilikuwa limeila, mchanga umeikwangua, na kila chembe iliyopotea ilikuwa mbegu ambayo mtu hakupewa.

Angeweza kunyamaza, maana kamati ilikuwa tayari inabishana juu ya uzee wa sarafu.

"Si uzee," alisema. "Ni mimi. Sikuiba, lakini nimewapunja nyote, na zaidi kila mwaka."

Mzee Kornelio aliiweka kando sarafu ya Yudith. Akamsukumia sarafu ya Klara. "Ufunguo baki nao. Hiyo usiioshe."

"Na tuta langu?" akauliza Mwajuma.

Yudith akampimia upungufu wake palepale. Kisha akajaza mbegu mfukoni, akabeba mizani, akaanza kupanda mlima kwenda kwa wanunuzi wengine, nyumba kwa nyumba. Katika nyumba ya tatu mwenyeji alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwizi anarudisha mwenyewe? Sijapata kuona."

"Lete chombo, kaka," alisema Yudith. "Zimebaki nyumba kumi na tisa."