Swali la Mashati na Magauni

Fundi cherehani aliolewa na mwalimu wa hesabu, na kwa miaka ishirini alivumilia daftari lile lile la maswali ya darasani na majigambo yale yale. Siku hiyo mumewe alisimama mbele ya cherehani, kifua mbele, akamtega kwa swali alilolitunga mwenyewe. Mashati mawili na magauni matatu yamekula mita kumi na tatu za kitambaa. Mashati manne na magauni sita yamekula mita ishirini na sita. Shati moja limekula ngapi, na gauni moja ngapi?

"Mbili na tatu," akajijibu kabla mkewe hajatoa pini mdomoni. "Haya ni mambo ya waliosoma, mama watoto."

Fundi akatoa pini. "Hata shati mita tano na gauni mita moja inakubali. Umenipa habari moja mara mbili, baba watoto. Hiyo ya pili ni ile ya kwanza, umeizidisha kwa mbili tu."

Mwalimu alifungua daftari, akahesabu kwa vidole, akalifunga polepole. "Miaka yote hii hakuna mwanafunzi aliyelalamika."

"Angelalamika vipi, na kalamu nyekundu unayo wewe? Mimi nikikosea, nguo hurudishwa."