Nilimbakiza Mtoto wa Watu Kwenye Kozi Inayokufa

Nimekosa, tena nimekosa nikiwa na akili zangu timamu. Msinitafutie kisingizio. Nimekaa na jambo hili mpaka chakula kimekosa ladha, na mume wangu anadhani ni vidonda vya tumbo. Acha niseme leo.

Mimi ni mwalimu katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kisumu. Jina langu nalificha, na la chuo pia. Kwa miaka mingi nimefundisha kozi ya usindikaji wa samaki: kukausha, kutia chumvi, kufukiza moshi, kupakia. Kozi hiyo niliianzisha mimi. Tanuri la moshi lililo nyuma ya karakana nililijenga na wanafunzi wangu wa kwanza, tukibeba matofali kwa mikono yetu. Nilijivuna nalo, siwafichi.

Basi mwaka juzi mkuu wa chuo akatuita walimu wote, akasema kozi zinapangwa upya. Ya samaki, ya maziwa na ya nafaka zingeunganishwa kuwa kozi moja kubwa ya teknolojia ya vyakula. Yangu isingepokea wanafunzi wapya tena.

Nimtendee haki mkuu wetu, hakuwatupa wanafunzi waliokuwa ndani. Alisema wale wa mwaka wa pili na wa tatu watafundishwa mpaka wamalize walichoanza. Wa mwaka wa kwanza walipewa kuchagua. Wahamie kozi mpya, na masomo waliyofaulu yahesabiwe, au wabaki kwenye ya zamani.

"Lakini wanaobaki waambiwe ukweli," alisema. "Mtihani wao wa mwisho utafanywa mara moja tu. Mtu akikosa hata karatasi moja, hakuna kurudia. Kila mwalimu akae na wanafunzi wake mmoja mmoja awaeleze."

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu mwenyewe!

Kuna na jingine alilolisema, na hilo ndilo lililonigusa mimi. Wa mwaka wa kwanza watakaobaki wasipofika wanane, darasa lao halitaendeshwa. Wote watahamia, na mwalimu wao atatafutiwa kazi nyingine.

Kazi gani nyingine? Fununu zilikuwa kwamba ningefundisha usafi wa jikoni, chini ya kijana niliyemfundisha mimi kupasua samaki aina ya mbuta. Mimi! Niliposikia hivyo niliingia chooni nikalia kwa hasira, kisha nikanawa uso na kuanza kuhesabu wanafunzi wangu.

Siku ya mwisho ya kuchagua ilikuwa Ijumaa. Kufikia Alhamisi nilikuwa na saba.

Wa nane ndiye huyu nitakayemwita Quinter, ingawa si jina lake. Mama yake anauza samaki soko la Katito, na yeye ndiye wa kwanza kwao kupita sekondari. Mkono wake ni mwepesi, akipasua samaki haharibu nyama. Kemia na hesabu anazipenda kwelikweli. Hata kipofu angeona kwamba mahali pake ni kozi mpya.

Alhamisi mchana akabisha ofisini kwangu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Madam, niko confused kabisa," alisema. "Wengine wanasema tuhame, wengine wanasema tubaki. Mama ameniambia, enda uulize mwalimu wako, yeye ndiye anajua. Sasa Madam, kama ningekuwa mtoto wako, ungeniambia nini?"

Sikilizeni jamani. Mimi nina binti. Angekuwa yeye, ningemshika mkono nimpeleke mwenyewe kozi mpya kabla chai yangu haijapoa.

Nikamwambia, "Baki, nyathina." Ndiyo, nilimwita mwanangu, kwa Kijaluo kitamu. "Hiyo mpya ni upepo tu, hata walimu wenyewe hawajui watafundisha nini. Hapa tunakujua. Hapa utamaliza haraka."

"Na exam iko sawa?"

"Exam iko sawa."

Basi. Sikuongeza neno. Nilijifariji kwamba sijadanganya, maana mtihani si ulikuwepo? Mtu akitaka kujidanganya hakosi njia.

Quinter akashusha pumzi. "Thank you Madam. Leo nitalala." Akachagua kubaki, na darasa langu likatimia.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja chuoni. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na kwapani amebana kuku aliyefungwa miguu. Walinzi walimcheka langoni, lakini hakujali.

"Madam, ero kamano," alishukuru, akinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Baba ya huyu mtoto hayuko, na mimi sijasoma, sijui hizo mambo ya course. Wewe umenisaidia kama dada. Hii ni gweno tu, usikatae."

Kwetu kuku wa shukrani hakataliwi. Ningesema ukweli pale pale, ningerudi ofisini nikafute jina la binti yake, maana orodha ilikuwa bado mezani kwangu! Badala yake nilimpokea yule kuku, Jumapili nikamchinja, tukamla na watoto wangu. Nilisifu hata mchuzi. Aibu inanila ninapoandika hili.

Mambo yakaenda. Wenzake wawili wakaacha masomo, mmoja akaolewa Bondo, mwingine akapata kibarua. Mizani mipya ilipoletwa ilipelekwa kwa kozi mpya. Vijana wa kule walikuwa wakienda mazoezi ya kazini viwandani, wakirudi na makoti meupe yaliyoandikwa majina yao. Quinter aliwatazama tu dirishani, kisha akarudi kugeuza samaki zake kwenye tanuri langu.

Kila muhula nilisema muhula ujao nitamwambia habari ya mtihani, angalau hiyo. Kila muhula ulimi ukawa mzito.

Mtihani wa mwisho ukafika. Karatasi za kwanza alizifanya vizuri, akitoka anacheka. Karatasi ya mwisho ilikuwa Jumatatu asubuhi. Ijumaa alienda Katito kumwona mama yake, aliyekuwa anaumwa miguu, na Jumapili mvua ikanyesha. Mnaijua mvua ya huko kwao Nyakach ikiamua.

Asubuhi simu ikalia.

"Madam, maji imejaa barabarani. Gari hazipiti. Tumesimama hapa watu wengi." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Lakini usijali Madam. Nikikosa leo, si nitafanya next term?"

Mungu wangu! Alikuwa ananituliza mimi!

"Quinter, njoo!" nilipiga kelele. "Vuka kwa miguu! Tafuta mtu akuvushe!"

"Madam, watu wanasema maji ina nguvu. Kuna mtu ameanguka sasa hivi wakamvuta."

"Vuka nimekwambia!"

Simu ikakatika. Hapo ndipo nilipotambua nilichosema. Nilikuwa nimemwagiza mtoto wa watu aingie kwenye mafuriko ili kosa langu lisijulikane. Nilipiga tena, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nilisimama kwenye mlango wa ukumbi wa mtihani, na sikujua niombe nini, afike au ageuke arudi nyumbani.

Msimamizi alikuwa mgeni, mzee mmoja mpole aliyetumwa kutoka nje ya chuo. Nikamsihi asubiri. Akasubiri mpaka sheria ilipomkataza.

"Mama, nimejaribu," akaniambia. Akafunga mlango.

Quinter alifika baadaye. Matope yalimfika kiunoni, viatu viko mkononi, meno yanagongana kwa baridi. Vijana walimvusha wakishikana mikono, na pale katikati maji nusura yamchukue. Na bado alikuwa anatabasamu!

"Madam, nimefika."

Nikamwambia wamefunga.

"Haya, si kitu," alisema, akikamua sketi yake. "Nitarudia."

"Hakuna kurudia, Quinter."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Aliacha kukamua sketi. Alinitazama usoni, kisha akauliza polepole, "Na ulijua?"

Nilivua sweta yangu nikataka kumfunika nayo, akarudi nyuma hatua moja.

Mngedhani kosa langu linaishia hapo. Laiti!

Mkuu wa chuo hakulipuuza jambo hilo. Alituita ofisini kwake, mimi, Quinter na walimu wengine wawili. Akasema waziwazi, "Tuliahidi hakuna mwanafunzi wa zamani atakayepotea. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kama huyu binti hakuelezwa kwamba hakuna kurudia, kosa ni la chuo, na chuo kitambeba. Tutamwingiza kozi mpya na masomo yake yahesabiwe, hata kama muda wa kuhama umepita. Lakini kama alielezwa akachagua mwenyewe, mikono yangu imefungwa."

Kisha akanigeukia. "Madam, ulimweleza?"

Neno "hapana" tu lilitosha. Neno dogo hilo lingemwokoa! Lakini niliwaona walimu wenzangu wananitazama, nikaliona jina langu likitembea midomoni mwa watu kutoka chumba cha walimu mpaka kanisani.

Nikasema, "Nilimweleza yote."

Quinter alikuwa ameketi mbele yangu. Nilingoja apige kelele. Nilingoja aseme huyu mama ni mwongo, na kweli, sehemu moja ya moyo wangu ilitamani aseme, yaishe. Aliinamisha kichwa, akavuta kitambaa cha meza kwa kidole. Halafu akasema kwa sauti ndogo sana:

"Labda ni mimi sikusikia vizuri."

Yawa! Alinisitiri! Hakulelewa kumwita mwalimu wake mwongo mbele ya wakubwa, basi akameza yeye ule uongo wangu. Mkuu akampa pole, na kikao kikafungwa. Quinter alinipita mlangoni bila kuniangalia.

Nilinyamaza mwezi mzima. Nilisikia kwamba yuko sokoni Katito, anaparua magamba ya ngege. Nikaacha hata kununua samaki. Niliwaambia nyumbani eti daktari amenikataza.

Kilichonivunja ni simu ya mama yake. Nilipoona jina lake nilidhani siku yangu imefika, atanitukana, na nikajiandaa kutukanwa.

"Madam," alisema, "nimechelewa kupiga, tusamehe. Huyu mtoto amekuangusha. Wewe ulimfunza vizuri, akaenda kuchelewa exam. Hata mimi nimemgombeza sana. Usituwekee roho mbaya."

Quinter hakumwambia hata mama yake mzazi! Alikubali agombezwe nyumbani kwa kosa langu. Nilikata simu bila kuaga, nikalala kifudifudi sakafuni pale jikoni, na mume wangu akanikuta hapo.

Kesho yake niliingia kwa mkuu wa chuo nikamweleza yote, wanane, tanuri, kuku, mafuriko na uongo wa mezani. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunifokea. Alisema tu, "Toka kwanza, Mama. Toka nisije nikasema neno baya." Nimepewa onyo la maandishi, nimeondolewa kazi ya kushauri wanafunzi, na yule kijana niliyemfundisha kupasua mbuta ndiye mkubwa wangu sasa. Ananiheshimu kuliko ninavyostahili.

Lakini chuo kilitimiza ahadi. Quinter akapewa nafasi kozi mpya. Niliomba niruhusiwe nimpigie mimi. Nilitaka asikie habari njema kutoka kwangu, jamani, bado nilikuwa natafuta kasifa kadogo!

"Quinter, umerudishwa," nilimwambia. "Masomo yako yamehesabiwa. Nimesema ukweli wote."

Nyuma yake nilisikia wateja wanabishana bei.

"Madam," akasema hatimaye, "naomba mtu mwingine wa ofisi anipigie. Si kwa ubaya."

Nikampa namba yake karani, akampigia, na ndipo akaamini. Sasa yuko darasani na vijana waliokuwa nyuma yake. Tukikutana ananiamkia kwa adabu na kupita. Neno langu kwake halina thamani tena, na hilo nimelipanda mwenyewe.

Walimu wenzangu, na wote mnaokaa kwenye kiti cha kushauri watu, vyuo vinabadilika na kozi zitakufa nyingine nyingi. Mwanafunzi akija kukuuliza njia, jiulize kwanza jibu lako linamfaa nani. Likikufaa wewe, funga mdomo, umpeleke kwa mwenzako asiye na lake ndani. Nanyi wanafunzi, msiulize mtu mmoja tu, hata awapende namna gani. Ulizeni na mwingine.

Na wewe uliyekwisha kudanganya kama mimi, nenda kaseme leo hii. Ni aibu, ndiyo, lakini aibu haiui. Usingoje mpaka uliyemuumiza akupigie simu kukuomba msamaha!