Siku ya Nane ya Mtoto wa Hinde

Kabla ya vita, Zundel Gurvich aliishi kwa visu viwili. Kimoja kilikuwa cha kuchinjia kuku. Kingine kilikuwa kidogo, chenye makali pande zote mbili, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata mkewe Freidl. Slobodka yote, mtaa wa Wayahudi ng'ambo ya mto kutoka mji wa Kaunas katika nchi ya Walithuania, ilimjua kama Reb, yaani Bwana, Zundel. Vijana waliokutana naye sokoni walijifunika mbele kwa viganja na kupiga kelele, "Reb Zundel, kwangu ulishapita! Ulishachukua chako!" Naye angejibu bila kusimama, "Sogea hapa nihakikishe kama sikubakisha." Freidl alipenda kusema kwamba mumewe ndiye fundi pekee ambaye wateja wake wote hulia na hakuna anayerudi mara ya pili.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya nane baada ya mtoto wa kiume kuzaliwa, jua likishachomoza, theluji ianguke isianguke, iwe Sabato au Siku ya Kufunga, ngariba huenda. Mtoto akiwa mgonjwa, husubiriwa. Akiwa mzima, hasubiriwi hata kwa kufa baba yake. Zundel hakuwahi kumchelewesha mtoto mzima, na hilo ndilo jambo pekee alilojivunia duniani.

Kisha wakaja Wajerumani. Wayahudi wa Kaunas walisukumwa wote ng'ambo ya mto, wakarundikwa Slobodka, na nyumba zao zikazungushiwa seng'enge. Kuku waliisha. Watoto wachanga nao waliisha, maana ilitoka amri kwamba mwanamke wa mtaani humo asionekane na mimba. Atakayeonekana atapigwa risasi pamoja na kilichomo tumboni. Zundel akapelekwa karakana ya brashi, akawa anafunga manyoya ya farasi kutwa nzima. Kisu kidogo alikificha nyuma ya tofali la jiko.

Ila kilichomtafuna Zundel hakikuwa kukosa kazi. Alikuwa na mpwa wake, Elye, kijana wa nywele za rangi ya majani makavu, aliyezungumza Kilithuania kama mtoto wa mkulima. Elye alipenya chini ya waya akaenda kuishi shamba kwa jina la Kikristo. Alijua kupiga ishara ya msalaba, alijua nyimbo zao, alijua hata kulewa kama wao. Siku moja askari wakamshuku stesheni. Hawakumuuliza sala. Walimpeleka nyuma ya ukuta wakamwambia avue suruali, maana katika nchi ile Myahudi tu ndiye aliyetahiriwa.

Elye alikuwa mtoto wa kwanza kabisa ambaye Zundel alimtahiri.

Baada yake zikaja habari za wengine. Mwana wa mwokaji mikate, akiwa amefichwa nyumba ya watawa. Mapacha wa Dobe mshonaji, waliokuwa wakichunga mbuzi kijijini. Kila mara ilikuwa vilevile: ukuta, suruali, risasi. Zundel alisikiliza, akarudi kwenye brashi zake, asimwambie mtu. Freidl alimwona tu akisugua mikono kwa maji baridi, akisugua tena.

Vuli ya mwaka wa tatu wa waya, Hinde akajifungua.

Hinde aliishi chumba cha nyuma, ukuta mmoja na kina Zundel. Zamani alifundisha jiografia katika shule ya serikali, na mtaa ulimsema sana, kwa sababu alikula nyama ya nguruwe hadharani Siku ya Kufunga huku akiwapungia mkono watu waliokuwa wakienda sinagogi. Mumewe, Ber, alikuwa amechukuliwa mwezi wa kumi, akapakiwa kwenye treni pamoja na maelfu, inasemekana kwenda Estonia. Mimba alikuwa ameificha chini ya koti la mumewe huyo. Freidl ndiye aliyemzalisha, chini kwenye shimo la viazi, kitambaa kikiwa mdomoni. Alitoka mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa.

Mpango ulikuwa tayari. Stase, mwanamke wa Kilithuania aliyekuwa akifagia shule ya Hinde, alikubali kumchukua mtoto na kuwaambia majirani kwamba ni wa binti wa dada yake, aliyezaa bila ndoa. Kazis, kaka yake Stase, alikuwa dereva wa gari la farasi lililobeba sare za Wajerumani zilizofuliwa mtaani humo. Siku ya nane, saa sita mchana, kapu moja la sare lingekuwa na mtoto chini, amelazwa kwa matone ya usingizi. Hinde, ambaye alikuwa mfuaji, angepanda garini kama kawaida, kwenda kushusha makapu kwenye kambi ya askari, ambako Stase angempokea mtoto.

Saa tano ya siku hiyo Hinde aliingia kwa kina Zundel, mtoto akiwa ndani ya koti.

"Toa kisu chako, Reb Zundel," akasema. "Leo ni siku ya nane."

Freidl akacheka, kicheko kikavu. "Jamani! Mla nguruwe amehesabu siku!"

"Nimehesabu, shangazi Freidl. Jiografia ina namba pia."

Zundel hakucheka. "Stase anajua?"

"Ataona akimbadilisha nepi."

"Na jirani yake Stase? Naye akiona?"

"Huniulizi hivyo wewe," Hinde akasema. "Wewe ni ngariba. Mtoto mzima, siku ya nane, jua limetoka. Nani alitufuata hospitali nilipokuwa msichana, akamwambia mama yangu hata daktari hana ruhusa ya kumchelewesha mdogo wangu? Nilikuchukia siku ile. Leo nakuja mwenyewe, unaniletea habari za Stase."

Zundel akaenda penye jiko. Alitoa tofali, akatoa kisu, akakichemsha. Freidl alichovya kitambaa kwenye maji ya sukari ya kiazi, kwa sababu divai haikuwepo, kisha akasimama dirishani kuangalia njia. Hapakuwa na babu wa kumpakata mtoto kama ilivyo desturi. Hinde alikaa kwenye kigoda, akaweka mto magotini, akamlaza mtoto juu yake, akamfungua.

"Mshike miguu," Zundel akasema. "Juu ya magoti. Usilegeze."

"Nimeshika."

Akainama. Na hapo, kabla ya kuanza dua, mdomo wake ukauliza kile ambacho kila ngariba lazima aulize, swali alilouliza kwa wazazi wote wa Slobodka na kujibiwa sikuzote kwa "hapana, ashukuriwe Mungu." Maana sheria ni ya zamani na iko wazi: mama akitahirisha mtoto akafa, akatahirisha wa pili akafa, basi wa tatu haguswi. Huachwa mpaka akue, apate nguvu.

"Mtoto huyu ana kaka waliokufa kwa tohara?"

"Ni kifungua mimba wangu, unajua," Hinde akasema. "Endelea."

Zundel hakuendelea. Alibaki ameinama, kisu mkononi, akimtazama mtoto aliyekuwa akipiga mateke hewani.

"Zundel," Freidl akaita kutoka dirishani. "Mkono unakutetemeka?"

Ulikuwa mlango wa kutokea, na mkewe ndiye aliyemfungulia. Angesema ndiyo, mambo yangeishia hapo bila lawama. Mzee, njaa, baridi, nani angemshangaa? Zundel akanyoosha mkono wenye kisu mbele ya uso wa Hinde. Ulikuwa umetulia kama ubao.

"Mkono wangu ni mzima," akasema. "Anao, Hinde. Kaka anao. Elye wa dada yangu. Mwana wa mwokaji. Mapacha wa Dobe. Wote wamekufa kwa tohara, na mimi ndiye niliyewakata. Simkati huyu."

Hinde alimtazama kana kwamba amempiga kofi.

"Hao si wanangu."

"Ni ndugu zake."

"Usinigeuzie sheria! Sheria inasema mama mmoja. Mimi sisali, lakini nimesoma." Sauti ilianza kupanda, Freidl akageuka haraka, "Shh! Mtaa una masikio," na Hinde akaendelea kwa kunong'ona, kunong'ona kulikokuwa kubaya kuliko kelele. "Sikiliza. Mimi nitakufa. Usinikatize, nitakufa, na Ber labda ameshakufa. Huyu watambatiza. Watampa jina lao, atasema lugha yao, atapiga magoti kanisani kwao. Siku moja atacheka akisikia watu wakisema 'Myahudi' kwa namna wanavyolisema wao. Nini kitamwambia? Barua? Stase hajui kusoma, na barua ataichoma, ana haki kuichoma. Mwili tu ndio hawatambadilishia. Akiwa mkubwa atajitazama, atauliza, 'Mbona mimi niko hivi?' Ndicho ninachotaka. Aulize tu."

"Hatafika kuwa mkubwa."

"Hujui!"

"Sijui," Zundel akakubali. "Ila najua watakapomshuku watatazama wapi. Nimewaonyesha mimi mahali pa kutazama."

"Mwoga wewe."

"Sawa."

"Umekata watoto wa kila mtu. Wangu ndiye unayemwacha nje? Kwa sababu nilikula nguruwe?"

Hilo lilimchoma. Tangu asubuhi alikuwa akijiuliza atasema nini mbele ya Mungu, na hakuwa amefikiria kwamba kuna mtu atadhani ni dharau.

"Aliyeachwa nje leo ni mimi, mwanangu," akasema hatimaye. "Sijawahi kuacha siku ya nane ipite."

Hinde akanyoosha mkono. "Nipe kisu. Sipora wa Maandiko alimtahiri mwanawe kwa jiwe, jangwani, na hakuwa ngariba."

"Hinde, hapana," Freidl akasema.

Lakini Zundel alimpa. Kisu ambacho mkewe hakuruhusiwa kukigusa alikiweka kwenye kiganja cha mla nguruwe, mpini mbele, akarudi nyuma akasimama kando ya jiko.

Hinde alikishika vizuri, kama kalamu. Kwa mkono mwingine aliibana miguu ya mtoto. Mtoto, ambaye mpaka hapo alikuwa ametulia, alihisi baridi akaanza kulia, na kilio kikajaa chumba kizima. Freidl alimkimbilia akamtia kitambaa cha sukari mdomoni. Kilio kikakatika. Kisu hakikusogea.

Nje, magurudumu yalikwaruza mawe.

"Kazis huyo," Freidl akasema, akiwa ameinama bado. "Anapakia. Hinde, ukimkata hatuwezi kumpa dawa mpaka damu ikome. Gari halisubiri. Chagua, binti yangu, chagua sasa."

Hinde aliiachia miguu ya mtoto. Kisha akakitupa kisu mezani.

"Lete dawa."

Freidl akadondosha matone kwenye kitambaa. Mtoto akanyonya, akasinzia, mdomo ukabaki wazi. Wakamfunga. Hinde akamweka ndani ya koti, akaenda mlangoni, akasimama hapo bila kugeuka.

"Sikusamehe, Reb Zundel."

"Usinisamehe. Nenda."

Karakana ya brashi, ambako zamu ya Zundel siku hiyo ilianza mchana, ilikuwa karibu na lango. Zundel alikaa kwenye benchi lake, mgongo kwa msimamizi, uso dirishani. Aliliona gari likifika. Aliona mlinzi akimzunguka farasi, akisema kitu, na Kazis akicheka kwa nguvu, kwa nguvu mno. Mlinzi akapanda nyuma. Akaingiza bunduki, ile yenye kisu mbele, kwenye kapu la kwanza, akainua shati, akalitazama, akalitupa. Akasogea kwenye kapu la pili. Hinde alikuwa amelikalia la tatu, mikono mapajani, anapiga miayo. Mlinzi akamwashiria ainuke. Akainuka. Mlinzi akachukua shati la juu kabisa, jeupe, limenyooka, akalipima kifuani kwake, akalikunja akalitia ndani ya koti lake. Kisha akaruka chini, akafungua lango.

Zundel alitazama mikono yake. Manyoya ya farasi yalikuwa yamesambaa sakafuni. Mtoto mzima, wa siku nane, alikuwa amevuka waya kama alivyozaliwa.

Hinde alirudi jioni na makapu matupu. Alipita mbele ya Zundel bila salamu. Ndivyo ilivyokuwa majuma mengi: ukuta mmoja, kisima kimoja, na hakumjibu neno. Freidl alijaribu kuwapatanisha akashindwa. "Mwache," Zundel akamwambia. "Ana haki." Lakini usingizi ulimpungukia. Mtoto yule hayumo katika agano, na aliyemzuia ni mtu aliyewekwa kumwingiza. Zundel hakujipa moyo kwamba alikuwa amefanya sawa. Alijua tu kwamba hakuweza kufanya lile lingine.

Theluji ilipokuwa nene, mwezi wa pili, Hinde alisukuma mlango bila kupiga hodi. Kina Zundel walikuwa wakinywa maji ya moto.

"Nimeonana na Stase leo, alikuja kambi ya askari kuleta maziwa," akasema. Alikuwa bado na theluji mabegani. "Walikwenda kwake. Polisi wawili. Kuna jirani aliyesema mtoto ana macho meusi, si ya Kilithuania."

Freidl akaweka kikombe chini.

"Wakamwambia Stase amfungue. Kwenye meza ya jikoni. Mmoja alishika taa."

Freidl akauliza, "Na?"

"Wakamfunika." Hinde alikaa kwenye kigoda kilekile. "Mmoja alimtekenya tumbo. Akasema, 'Huyu ni wetu.' Stase aliniambia akicheka. Anadhani ni habari njema. 'Huyu ni wetu,' kasema."

Akaanza kulia bila sauti, kama wote walivyokuwa wamejifunza kulia. Zundel hakujua kama analia kwa furaha au kwa msiba, na hakuona kama kuna haja ya kujua. Alimsogezea kikombe chake.

"Wamempa jina gani?" akauliza baadaye.

"Jonas."

"Jonas," Zundel akalijaribu jina hilo mdomoni. "Anakula?"

"Anakula. Stase anasema anakula kama nguruwe."

Freidl akapasuka kucheka, akajiziba mdomo kwa kiganja. Hinde akamtazama, naye akacheka pamoja naye, machozi yakiwa bado yanashuka. Zundel peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama Hinde akikinywa kikombe chake mpaka chini, akiomba kimoyomoyo asiinuke bado.

Hakuinuka. Alisogeza kigoda karibu na jiko, akakunjua mikono, akasema, "Nieleze, Reb Zundel. Ile sheria yako ya kaka. Mpaka awe mkubwa kiasi gani?"