Gari la Seif Nililolifanya Jipya

Nakumbuka siku niliyopigwa kofi pale Kibiti, mchana kweupe, watu wakitazama, na mpaka leo nasema kofi lile lilikuwa dogo. Nilistahili fimbo. Basi kaa hapo, mwanangu, weka hicho kisimu chako chini, maana nina hasira, na nikiwa na hasira sirudii maneno. Nina hasira na yule kijana niliyekuwa mimi, na nina hasira na ninyi mafundi wa leo mnaopokea kitu kizee cha mtu mkakirudisha kinang'aa, halafu mnasimama kando mkisubiri kupongezwa. Nawajua. Nilikuwa mmoja wenu.

Hizo zilikuwa enzi za Mwingereza, vita vya pili vimeshapita miaka kadhaa. Mimi nimetoka visiwani, huko deltani, kwa watu wa mikoko, na baba yangu alikuwa fundi wa mashua. Kwetu chombo kikichoka kinavutwa mchangani maji ya bamvua yakijaa, kinakwanguliwa mpaka mti wa ndani uonekane, na mbao mbovu zinang'olewa pamoja na zile ambazo hazijaoza ila zimezeeka tu. Hizo mbao kuukuu ndizo kuni. Unawasha moto chini ya chombo wadudu wa baharini wafe, unachemsha sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka mtaa wa pili, unapaka. Mwenye chombo akija akakikuta kipya anacheka, anakushika mkono. Sijapata kumwona mtu visiwani akimlaumu fundi kwa kuifanya mashua yake mpya. Ndivyo nilivyolelewa, na sikuambii haya unionee huruma. Nakuambia ujue ujinga wangu ulitoka wapi.

Nilipofika miaka ishirini na miwili nikachoka na matope, nikapanda Kibiti kujifunza magari kwa Fundi Mfaume, Mndengereko mmoja mfupi, mkimya, aliyejulikana mpaka Ikwiriri. Nikakaa naye miaka mitatu. Injini nikaijua, na mkono wa useremala nilikuwa nao tangu kwa baba. Kichwa kikavimba, mwanangu. Nikajiona hakuna tena wa kunifundisha.

Sasa pale Kibiti alikuwapo mjane mmoja mwenye duka la nguo, Bi Zuhura. Mwanawe wa pekee, Seif, alikuwa amenunua gari dogo la mbio kwa mzungu mmoja wa pamba aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa na viti viwili tu, halina paa, mdomo mrefu, magurudumu ya spoki, rangi nyekundu. Bati lake lilipigiliwa juu ya mbao; ndivyo magari yale yalivyoundwa. Watu wa Ruaruke na Dimani wakisikia mlio wake walitoka barabarani kumtazama Seif akipita. Na Seif alikuwa na mguu mfupi, wa kushoto, haufiki kwenye klachi. Basi akachonga kipande cha mti laini, akakikaza kwa parafujo juu ya kanyagio la klachi, akawa anaendesha peku. Akakanyaga pale miaka, mpaka ule mti ukabonyea, ukashika umbo la mguu wake. Vidole ungeweza kuvihesabu.

Seif alikufa kwa homa bintiye, Salma, yungali ananyonya. Hakuacha picha hata moja. Gari likaingizwa bandani, likakaa miaka kumi na saba. Salma akakua akiingia mle bandani, anakaa kwenye kiti cha baba yake, anaweka mguu wake juu ya kile kipande cha mti. Alipokuwa mdogo mguu ulipotea mle kwenye bonde lake. Kila mwaka akapima tena, na kila mwaka ukazidi kujaa. Wala si kwamba haya niliyasikia baadaye nikasema laiti ningejua. Bi Zuhura alitueleza mwenyewe, siku alipotuita bandani, mimi na fundi tumesimama pamoja.

"Fundi, Salma anaolewa mwezi ujao," alisema. "Anataka gari la baba yake ndilo limpeleke kwa mumewe. Nifanyie litembee, basi. Kama lina mikwaruzo, libaki na mikwaruzo yake."

"Nimekuelewa, Bi Zuhura," Fundi Mfaume akajibu. "Kilichokufa nitakigusa. Kilichozeeka nitakiacha."

Salma alikuwa kando, amejifunika kanga, anaona haya. Akaniuliza mimi: "Kaka Hamisi, hiyo klachi itafanya kazi na kile cha baba kikiwa juu yake?" Nikamwambia, itafanya kazi, dada, usiwe na wasiwasi. Nilisema kwa mdomo wangu huu!

Tukalisukuma gari mpaka gereji. Fundi akaanza na injini. Akafungua kabureta, akabadilisha plagi, akaziba rejeta iliyotoboka, akatia mipira mipya ya breki. Siku ya kumi likaunguruma kwa mlio wake ule ule, watu wakaja mbio. Ikabaki bodi, na hapo kulikuwa na ubao mmoja tu ulioliwa na mchwa, chini ya mlango wa kushoto. Mmoja! Siku hiyo hiyo lori la pamba likaharibika huko Ngarambe, Fundi akaitwa. Akaniachia neno: "Huo ubao mmoja ubadilishe. Kwingine piga vumbi tu, Hamisi. Nasema piga vumbi tu." Akaondoka, na mvua ikamfungia huko siku kumi na mbili.

Nikautoa ule ubao. Nikautazama uliofuata, mweusi kwa mafuta ya zamani, una matundu ya misumari. Nikaugonga, ukalia mzima. Lakini mkono ulikuwa unaniwasha. Nikasema, na huu nao wa nini? Nikautoa. Nikatoa na wa tatu. Nikaagiza mkomafi kutoka visiwani, mti wetu mwekundu wa mikokoni, nikachonga mbao zote upya kwa tezo la baba, zikakaa vizuri ajabu. Ngozi ya viti ilikuwa imepasuka, na upande wa dereva imelala kwa kukaliwa. Nikaivua, nikatia turubai jipya. Nyekundu ile nikaikwangua kwa msasa mpaka bati likawa jeupe, nikapaka buluu, rangi ya mashua, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo na ndiyo niliyoipenda. Wapita njia wakanisifu. Karani mmoja wa boma akasimamisha baiskeli, akasema, "Hamisi, wewe hata Ulaya hawakuwezi." Mpumbavu yule! Na mimi mpumbavu kumzidi, nikacheka meno yote nje.

Siku ya mwisho nikawasha moto, nichemshe sifa ya kupaka zile mbao mpya. Kuni zilikuwa ndizo mbao kuukuu, kama nilivyoona kwa baba. Nikachungulia ndani ya gari, nikakiona kile kipande cha mti kwenye klachi. Usiniulize kama nilisahau. Sikusahau. Nilikumbuka vizuri nilichomwambia Salma. Nikasema moyoni, kitu kichafu hiki, kimechakaa, kinaniharibia kazi, tena atakayeendesha siku ya harusi ana miguu mizima, atakikanyagaje? Nitamchongea kingine cha mkomafi, kilichonyooka, atafurahi. Nikafungua parafujo zake nne, nikakitupa motoni. Kilikuwa kikavu, kikashika mara moja. Unasikia, mwanangu? Nilikitupa motoni kwa mkono wangu huu.

Fundi Mfaume alirudi kesho yake saa nne asubuhi, matope mpaka magotini. Majirani walikuwa wamekuja kulitazama gari, nami nimesimama kando nimevaa kanzu. Kanzu, ala! Kama bwana harusi ni mimi. Fundi hakunisalimu. Akalizunguka gari polepole, akanusa ile sifa, akapitisha kidole kwenye buluu. Kisha akafungua mlango, akainama.

"Kiko wapi cha miguuni?"

"Nimekitoa, Fundi. Kilikuwa kibovu, nikaona..."

"Sikukuuliza kilikuwaje. Kiko wapi?"

Nikaonyesha majivu kwa kidole.

Lile kofi lilinipeleka mpaka kwenye pipa la maji. Mtu mkimya yule, miaka mitatu sijamsikia akipandisha sauti, alinguruma mpaka wenye maduka wakatoka nje. "Hayawani wee! Nani kakuambia kazi yako ndiyo inayotafutwa hapa? Mtu amekufa, umebaki unyayo wake, na wewe umeuchoma ili watu wakusifu! Ubao mmoja, Hamisi! Nilikuambia ubao mmoja!" Hakuna aliyecheka. Wale wale waliokuwa wakinisifu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wanajifanya wana shughuli. Fundi akaniambia nisimwite fundi wangu tena mpaka nikamweleze Bi Zuhura kwa mdomo wangu.

Sikupata nafasi ya kwenda. Walikuwa wanakuja, bibi na mjukuu, wamesikia gari liko tayari. Salma akasimama mbele ya ile buluu, akamgeukia bibi yake.

"Bibi, hili la nani?"

Hakuwa anatania. Hakulijua, mtoto wa watu, gari alilokua nalo tangu anatambaa. Kisha akaona ule mdomo mrefu na spoki, akaelewa. Akavua viatu, akaingia upande wa dereva, akapeleka mguu wake wa kushoto chini. Ukagusa chuma kitupu. Akapapasa huku na huku kwa vidole, kama mtu anayetafuta makubadhi chini ya kitanda. Bi Zuhura akanitazama mimi, akamtazama Fundi, Fundi akainamisha kichwa. Mtu mzima yule, aibu yangu aliibeba yeye.

Nikapiga magoti na kanzu yangu kwenye matope. "Dada Salma, nisamehe. Nimekichoma. Nitakuchongea kingine leo hii hii, kizuri kuliko kile."

Hakulia. Angelia ningepata nafuu. Alinikazia macho, na hasira niliyoiona pale sijaiona kwa mtu mwingine mpaka leo.

"Utachonga na mguu wa baba?"

 Bi Zuhura akamshika mjukuu wake mkono. "Shuka, mama," akamwambia. "Baba yako hayumo tena humo." Wakaenda zao kwa miguu, wala hawakugeuka.

Harusi ilifanyika. Salma akapelekwa Ruaruke kwa lori la pamba, amebanwa katikati ya bibi yake na dereva, na gari la babaye likabaki gereji, linanuka papa. Fundi akaniamuru nirudishe vyote. Wapi! Nikaikwangua ile buluu nikatafuta nyekundu, lakini nyekundu mpya haikuwa ile. Mbao za mwanzo zilikuwa majivu, hata mfano wa kuigia sikuwa nao. Miezi minne nilihangaika, na kila nilichogusa kilizidi kuwa changu. Mwishowe Bi Zuhura akampa gari mtu wa Utete aliyelitaka kwa ajili ya injini yake. Siku lilipoondoka nilijifungia ndani. Salma nilikutana naye sokoni mara mbili tatu miaka ya baadaye, akapita kama hanijui, na alikuwa na haki.

Sasa nisikilize, na usinitikisie kichwa kabla sijamaliza. Ukiletewa kitu cha zamani, kiwe gari, kiwe kitanda, kiwe mlango, usianze na spana. Anza na mdomo. Muulize mwenyewe anapenda nini hapo, na akikuambia muamini, hata kama wewe unaona uchafu mtupu. Kilichovunjika kitengeneze. Kilichochakaa kiache, maana pale kilipochakaa ndipo mtu alipokuwa akishika kila siku, na hakuna tezo duniani la kukuchongea hapo. Ukilazimika kutoa kipande, hata kiwe kimeoza, kitie kwenye gunia ukampe mwenyewe. Kukitupa au kukiweka ni shauri lake. Na siku utakayosikia mkono unakuwasha, wapita njia wanasimama kukusifu, weka vyombo chini, nenda kaoge, nenda kaswali, urudi kesho. Wapita njia hawakupi kazi. Kazi umepewa na mtu mmoja, naye anataka akifungua ule mlango amwone baba yake. Akikuona wewe, umeiharibu.

Najua nimekufokea. Nimejaribu mara nyingi kulisema hili kwa upole, haliji. Mwenyezi Mungu akubarikie mikono hiyo, mwanangu, aiongezee ujuzi kila siku, na aizuie pale inapopaswa kuzuiwa. Na akuepushe usije ukapiga magoti mbele ya mtoto wa watu, ukaulizwa swali dogo kama lile, nawe huna cha kumpa ila majivu. Amina.